Chui Aliyeuza Mvua ya Zamani

Paukwa!

— Pakawa!

Nyie wa karibu na mlango mmenyamaza, au matone yamewaziba masikio? Paukwa!

— Pakawaaa!

Haya, sasa nimesikia watu. Wanasema ngano haisimuliwi mchana, eti msimuliaji huota mkia. Lakini mvua hii imelificha jua tangu asubuhi, shambani hakuendeki, na nyinyi mmeshaanza kupigana mateke humu ndani. Basi acha niote mkia. Hadithi hadithi!

— Njoo, utupe utamu wako!

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakibisha hodi kama watu, palikuwa na mama mmoja, jina lake Bi Siwema. Alikuwa na binti mmoja tu, aliyezaliwa siku ya mvua kubwa. Kwa hiyo akamwita Mwamvua.

Siku moja Bi Siwema alirudi shambani amelowa chapachapa, na ndani ya kanga yake kitu kinatetemeka. Kilikuwa kijibwa. Kidogo, cha rangi ya mchanga, sikio moja limesimama na jingine limelala. Akakilaza karibu na jiko, miguuni pa mwanawe.

Jirani yao, Bi Chausiku, alikuwa na mdomo usiojua kupumzika. Akasema, "Mbwa hulala nje, Siwema. Wewe unamlaza na mtoto?" Na wengine wakasema. Bi Siwema akamwambia binti yake, "Waache waseme." Basi kijibwa kikaitwa Waache.

Mwamvua akakua, na katika siku zote za utoto wake hakupenda siku kama siku ya mvua. Mvua ikinyesha hakuna kulima. Mama anakaanga mbegu za fenesi. Mama anapanga vyombo sakafuni, hapa mtungi, pale chungu, kule sufuria, na matone yanavipiga: ndu, nding, ting. "Sikiliza ngoma yetu," mama anasema. Mara anasema, "Haya mwanangu, safari! Leo tunalala ugenini," na anauhamishia mkeka pembe nyingine ya nyumba. Mwamvua anacheka, Waache anafuata. Kisha mama anavaa ungo kichwani kama kofia, anakaa palepale, anaimba:

*Mvua nyesha, nyesha taratibu,*
*mtoto yu kati, mbwa yu miguuni,*
*mimi nipo hapa, silali.*

Imbeni na nyinyi, msinitazame tu.

— *Mimi nipo hapa, silali!*

Na kulikuwa na kumbikumbi. Watu wa kule hawakuwa na subira ya kungoja mvua ili wale kumbikumbi. Waliketi juu ya kichuguu, wakakipiga kwa vijiti polepole, tonetone, mpaka kumbikumbi huko chini wakadhani mvua imeanza. Wakitoka, ole wao, wanakuta kikapu. Lakini ilikuwa mwiko kula peke yako. Wakishatoka, unabadili mdundo, unapiga kwa nguvu, na kila jirani anayesikia anakuja mbio na ungo wake.

Siku ya kwanza kuwaona wakitoka juani, Mwamvua aliwacheka. "Wajinga hawa, mama! Hakuna hata wingu!"

Bi Siwema akamwambia, "Usiwacheke. Hawana ujinga, wana hamu. Na mwenye hamu, ukimpigia ngoma, anatoka."

Mtoto akatia kumbikumbi mdomoni, akasahau.

Siku zikaja, siku zikaenda. Mwamvua akawa mwanamke mzima. Waache akazeeka, mdomo ukaingia mvi. Na kiangazi kimoja Bi Siwema akaugua, akafa, akazikwa nyuma ya nyumba. Baada yake kiangazi hakikuondoka. Vuli haikuja. Vyombo vikalala vimefunikwa kifudifudi, na Mwamvua akawa anaketi mlangoni tu, anatazama juu.

Siku moja hamu ilimzidi, akasema kwa sauti, "Ningepata siku moja tu ya mvua ya utoto wangu, ningetoa chochote."

Maneno gani hayo ya kusema karibu na kichaka? Kichakani alikuwamo Chui, na Chui alikuwa amemtamani Waache tangu zamani. Ila kila akinyemelea, mbwa anabweka. Na mbwa analala ndani. Na upande wa pili wa ua Bi Chausiku anatwanga, mchi mkononi. Chui aliposikia neno "chochote" akajilamba, akatoka, akaketi nje ya ua kwa heshima zote.

"Hodi, binti Siwema."

"Karibu. Nani wewe?"

"Mimi Chui. Hebu yatazame madoa yangu. Unadhani ni nini? Kila doa ni tone la mvua ya zamani. Nimezihifadhi zote mwilini. Na yako imo."

Waache akabweka. "Dada Mwamvua! Mvua huja na harufu kwanza, ndipo ije na sauti. Huyu ananuka nyama tu!"

"Nyamaza, Waache," Mwamvua akasema. Akamgeukia Chui. "Unataka nini?"

"Kidogo. Mvua ya zamani inaogopa kelele. Mfunge mbwa mdomo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Mwamvua akainama. Akachukua ukambaa, akamfunga Waache mdomo. "Vumilia kidogo, ndugu yangu." Mbwa hakumng'ata. Alimtazama tu.

Chui akapanda juu ya paa, akalipiga kwa kucha na mkia: ti-ti-ti, tu-tu-tu. Nyasi za paa zikachanika, vumbi likashuka, lakini Mwamvua alikuwa amefumba macho. Alisikia mvua. Moyo wake ukajaa. Alipofumbua macho, uwani pakavu.

"Hayo maji yako wapi?"

"Hiyo ilikuwa sauti," Chui akajibu. "Ukitaka maji, mtoe mbwa ndani, alale uwani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Mwamvua akainama. Akambeba Waache kutoka jikoni alikolala maisha yake yote, akamweka uwani, akafunga mlango. Chui akaenda kisimani, akachovya mkia, akarudi kuukung'uta juu ya paa palipotoboka. Tone likaanguka kwenye sufuria. Ting. Jingine. Ting. Mwamvua akalia kwa furaha, na nje Waache alikuwa akikwaruza mlango kwa ukucha. Kwaru, kwaru. Mwamvua akajifanya hasikii.

"Sauti nimeipata," akasema, "na maji nimeyapata. Lakini mama hayumo."

"Ah, mama!" Chui akashusha sauti. "Mama ndiye wa mwisho. Ukitaka mama yako aje aketi pale na ungo wake kichwani, akuimbie, mpeleke mbwa kule kwenye kichuguu chenu, mfunge kwenye kisiki, urudi bila kugeuka nyuma. Mtaka cha mvunguni—"

"Najua," akasema Mwamvua. "Sharti ainame."

Je, alijua Chui anataka nini? Msiniulize. Mwenye hamu hujua, na papo hapo hajui. Nawaambieni ukweli, mimi hapa sijui ningefanyaje. Mama ni mama.

Akambeba Waache mikononi, maana miguu ya mzee yule haikuwa na nguvu za kufika. Jua lilikuwa bado juu. Akamweka juu ya kichuguu, akamfunga kwenye kisiki. Vile vijiti vya Bi Siwema vilikuwa palepale chini ya jiwe.

Waache akanusa vijiti. Akanusa kichuguu. Na mzee wa watu akafurahi! Alidhani yale mambo ya kufungwa yamekwisha, kwamba dada yake amemleta kupiga kumbikumbi kama zamani. Mdomo umefungwa, kubweka hawezi, basi akafurahi kwa mkia. Mkia ukapiga kichuguu: ti-ti-ti, tu-tu-tu.

Mwamvua alikuwa ameshageuka aondoke. Akasikia. Akasimama.

Ti-ti-ti, tu-tu-tu.

Na kumbikumbi wakaanza kutoka. Mmoja, kisha wengi. Walitoka na mbawa zao mpya wakitafuta mvua, wakakuta jua na vumbi. Wakaanguka, na siafu wakawakokota.

Mwamvua akawatazama. Hakuwacheka. Akakumbuka sauti ya mama yake, si kwa ngoma ya mtu, bali kwa moyo wake mwenyewe: *Hawana ujinga, wana hamu. Na mwenye hamu, ukimpigia ngoma, anatoka.*

"Ewe mama," akasema, "nimepigiwa ngoma, nami nimetoka."

Kichakani nyasi zikatikisika. Madoa yakaonekana, kisha meno. Chui hakuwa na haraka. Kati yake na mbwa palikuwa na mwanamke mmoja tu asiye na silaha.

Mwamvua hakukimbia. Alikamata vijiti vya mama yake, akapanda juu ya kichuguu, akasimama mbele ya Waache, akabadili mdundo. Akakipiga kwa nguvu zake zote, mdundo wa kuita majirani. Pa! Pa! Papapa!

Kijijini mchi wa Bi Chausiku ukakoma. "Kumbikumbi! Kiangazi hiki!" Njaa ilikuwa imewabana, hakuna aliyeuliza mara mbili. Wakaja mbio na nyungo, wakaja na fagio, wakaja na vikapu, na Bi Chausiku akaja na mchi wake mkononi kwa kusahau kuuweka chini. Walipotokeza wakamkuta Chui hewani, ameshajirusha.

Bi Chausiku hakusema neno, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza. Alipiga. Mchi ukamkuta Chui ubavuni, fagio zikamkuta usoni. Akaanguka, akainuka, akatimua mbio mpaka leo. Ndiyo maana chui hana mazoea na watu wengi. Akisikia vishindo vyao hujificha. Lakini bado anamtamani mbwa, kwa hiyo msilale milango wazi.

Mwamvua akapiga magoti, akaufungua ukambaa. Waache akalamba midomo yake, akasema, "Dada, kumbikumbi wenyewe wachache mwaka huu." Mwamvua alimkumbatia akalia mpaka majirani wakaona haya, wakajifanya wanaokota kumbikumbi.

Sasa subirini, haijaisha. Anayetaka kwenda msalani aende.

Baada ya siku kadhaa Waache aliinua pua. "Dada, harufu," akasema. Kweli, ardhi ilikuwa inanukia. Wingu likaja na upepo wake, likaja na giza lake, na mvua ya kweli ikashuka. Mwamvua akafunga mlango, akaketi na mbwa wake, akangoja ile raha ya utotoni imwingie.

Ting! Tone likamwangukia utosini. Paa alilolichana Chui lilikuwa linavuja. Akaweka sufuria. Likavuja pengine, akaweka chungu. Likavuja tena, akaweka mtungi. Ndu, nding, ting. Mkeka ukaanza kulowa, akauvutia pembe nyingine, akambeba Waache akamlaza pakavu. Akatazama juu, akanung'unika. "Tazama balaa hili! Nyumba ya mama haikuwa hivi."

Waache akainua lile sikio moja. "Ilikuwa hivihivi, dada."

"Unasema nini?"

"Paa la mama lilivuja tangu siku niliyokuja. Hakuwa na mtu wa kumwezekea. Wewe ulikuwa unalala, mimi nilikuwa macho, niliona. Ile ngoma ya vyombo ilikuwa maji ya paa. Zile safari za mkeka, alikuwa anakutafutia pakavu. Na ule ungo kichwani haukuwa kofia. Palipobaki pabovu kuliko pote, ndipo alipokaa yeye."

Mwamvua akaitazama nyumba ile, akatazama mahali mama yake alipokuwa akiketi. Maji yalikuwa yanaangukia palepale. Miaka yote aliitamani mvua, kumbe aliyekuwa akimtamani ni mtu aliyelowa.

Akainuka, akauangua ungo wa mama yake ukutani. Akauvaa kichwani, akaenda kuketi pale panapovuja, kati ya mbwa na maji. Waache akacheka, mnajua mbwa anavyocheka, na mkia ukapiga sakafu. Naye Mwamvua akaanza polepole:

*Mvua nyesha, nyesha taratibu,*
*mzee yu kati, moto u miguuni...*

Malizieni.

— *Mimi nipo hapa, silali!*

Waache akalala usingizi.

Basi mmesikia. Hadithi hii inatufundisha kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Usimtoe uliye naye ili umpate aliyekwenda, maana atakayekuahidi hivyo ana meno. Na inatufundisha jambo jingine. Ukikumbuka utoto wako ukauona mtamu, uliza ni nani aliyelowa. Kama yu hai, kamwezekee paa. Kama hayupo, chukua ungo wake.

Hadithi yangu imefika mlangoni. Ikiwa tamu, gawaneni kama kumbikumbi, mwiko kula peke yako. Ikiwa mbaya, niachieni mwenyewe, nizibie tundu lile pale. Na wewe unayecheka, sogeza hiyo sufuria, imejaa.