Mluzi wa Gari la Kibwana

Kinacholia sicho kinachoumwa. Mmeisikia mkacheka, sasa mnataka asili yake. Haya, sogeeni, mambo yalianza namna hii.

Hapa Muheza palikuwa na kijana, Kibwana Mhina, mwenye gari la matangazo. Spika mbili juu ya paa, maikrofoni mkononi, sauti tamu kama ya mtu anayeposa. Misiba, harusi, mbuzi aliyepotea, vyote alitangaza yeye. Siku moja akaona gari limechakaa, akalipaka rangi ya kijani mwenyewe, nje na ndani, mpaka chini ya boneti. Alichosaza ni vioo.

Kesho yake spika zikaanza mluzi. Wiii, katikati ya tangazo la msiba. Watu wakafunga madirisha. Mwenyekiti wa mtaa akamwita. "Ijumaa tunatangaza chanjo ya watoto. Likipiga mluzi tena, kazi nampa mwingine."

Kibwana akalaumu spika. Akazipiga makofi, wapi. Akanunua mpya. Nazo zikapiga mluzi, tena kwa nguvu za ujana.

Alhamisi akampeleka sokoni bibi yake, Bi Mwanahija, huku spika zimewashwa ili azijaribu. Bibi alisoma hadi darasa la nne, na kwa ule utani wa bibi na mjukuu alimwita mume.

"Mume wangu, mbona ukikanyaga mafuta mluzi unapanda, ukiachia unashuka?"

"Spika mbovu, bibi."

"Spika iko juu ya paa. Nani anaiambia mguu wako umefanya nini?"

Kibwana akakanyaga, wiii. Akaachia, ukashuka. Akasimamisha gari, akafungua boneti.

"Unatafuta nini tena?"

"Huyo anayeiambia."

Akafuata nyaya kwa kidole, mmoja mmoja, mpaka waya mweusi unaofungwa kwenye bodi ili umeme upate pa kurudi. Akafungua bolti. Chini yake rangi ya kijani, nene, inang'aa. Siku ile aliutoa waya ili apake vizuri, kisha akaufunga juu ya rangi. Chuma hakikugusa chuma. Umeme ukakosa njia safi, na kelele za injini zikapanda hadi kwenye spika.

"Umejipamba mpaka pasipoonekana," bibi akasema. "Mke mwenzangu ana kazi." Akampa kisu chake cha kumenyea machungwa.

Kibwana akakwangua hadi chuma kikawa cheupe, akakaza, akawasha, akakanyaga mafuta. Injini ikanguruma. Spika kimya.

Ijumaa tangazo la chanjo lilisikika hata kwa watoto waliojificha mvunguni. Mwenyekiti akaja kumpa mkono.

"Hizi spika umezitoa wapi?"

"Ni zile zile za zamani, mzee. Nimezirudisha, nikaziomba radhi."

Bi Mwanahija, aliyekaa kiti cha mbele, akajifunga mtandio vizuri.

"Mwambie na mwenyekiti ajue," akasema. "Kinacholia sicho kinachoumwa."