Plamu Zilizopimwa kwa Mizani ya Watoto

Sado hujaa hata kwa upepo. Methali hii mmeisikia leo sokoni, wajukuu zangu, mkadhani ni maneno ya kale. Ilizaliwa hapa hapa milimani Usambara, jikoni mwa kikundi cha akina mama, na aliyeizaa ni bibi yenu Nambua, mke wangu.

Mwaka ule kikundi kiliteuliwa kupeleka jamu ya plamu kwenye maonyesho ya wakulima ya Nane Nane. Kijiji chetu kilikuwa hakijawahi kuitwa. Afisa lishe aliwaachia agizo moja: matunda na sukari, sawa kwa sawa.

Mpishi mkuu, Bi Zawia, alijaza plamu kwenye sado, ile ndoo ndogo ya kupimia sokoni, akajaza sado ya sukari, akapika. Kulipopambazuka, jamu ilikuwa imeganda ikawa jiwe. Kijiko kilipinda. Msimu ulikuwa umekwisha. Zilibaki plamu za sado moja tu.

"Ni wewe, Nambua," Zawia alifoka. "Umekoroga kama unasonga ugali!"

"Mwiko hauna kosa, shoga. Sado ndiyo imetudanganya."

"Sado yangu? Nimeijaza mpaka nikaivika kilemba!"

Nambua na mimi tulikuwa tukisoma darasa la watu wazima jioni, na wiki ile tulifundishwa ujazo na uzito. Hakubishana. Alijaza sado zile plamu za mwisho, kisha akamimina maji juu yake. Kikombe kimoja, viwili, vitatu. Kikombe cha sita ndicho kilichofurika.

"Kama sado ilikuwa imejaa," akauliza, "maji haya yameingia wapi?"

Zawia alichungulia. Kisha akashika kiuno, akacheka mpaka akaketi.

"Jamani! Kumbe tulikuwa tunapika upepo!"

Walizichuja plamu, wakazitoa kokwa, wakaenda zahanati kuazima mizani ya kupimia watoto. Plamu zikaning'inia kwenye mfuko.

"Huyu mtoto mbona mwekundu hivi?" muuguzi akatania. "Kilo mbili na robo. Mnyonyesheni!"

Sado ya sukari ilipotundikwa ikasoma kilo tatu na nusu. Hapo kila mtu akaliona kosa: sawa kwa sawa ni kwa uzito, si kwa sado; sukari hujibana, plamu huachiana nafasi. Nambua akachukua mkaa, akaandika uzito wa vyote viwili ukutani mwa jiko, kwa mwandiko ulionyooka. Nilisimama nikautazama mwandiko ule kwa muda mrefu.

Walipika tena, kilo kwa kilo. Jamu ikatoka laini, inang'aa.

Kwenye maonyesho, jaji alionja, akaonja tena, akamuuliza Zawia siri yake. Zawia angeweza kujisifu. Badala yake alimvuta Nambua mkono, akamweka mbele.

"Muulize huyu. Mimi nilikuwa najua kupika. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba sado hujaa hata kwa upepo."