Nani Aliwapa Mafundi Pumzi?

Sogeeni karibu, msinilazimishe kupaza sauti. Nina kesi kutoka Mwanza, na mimi imenishinda.

Kulikuwa na mafundi cherehani wanawake waliounda timu ya mpira wa ukumbini, ule wa watano kwa watano. Chenga walizijua. Pumzi ndiyo hawakuwa nayo. Mtu anayeshinda kwenye kiti akikanyaga pedali ataipata wapi? Kipindi cha kwanza waliongoza, cha pili wakashika viuno. Mwishowe viongozi wa ligi wakawaonya: mkishika mkia tena, tunawaondoa.

"Miguu yetu haina shida," alisema Milembe. "Shida ni mapafu."

Milembe alikuwa mkimbiaji wa mbio ndefu tangu shuleni. Aliwapeleka kwenye mlima wa mawe nyuma ya soko. "Pandeni mbio mpaka mshindwe kuzungumza. Teremkeni mkitembea mpaka mweze kusengenya. Kisha tunapanda tena." Mwanzoni walimlaani. Baadaye umbea ukawa unaendelea hata wakati wa kupanda.

Lakini ukumbini ni kuchomoka, kusimama, kugeuka, kuchomoka tena. Pumzi ya mlimani ikawa inawaishia kwenye kona. Hapo akainuka Holo, mshambuliaji wao.

"Mapafu yenu hayajui kama kuna mpira!" alisema. Akaugawa uwanja, akawachezesha wawili kwa wawili. Mpira ukitoka, anarusha mwingine papo hapo. Hakuna kusimama mpaka apulize filimbi.

"Holo, utatuua!"

"Mkifa nitawashonea sanda. Chezeni!"

Basi wakawa wanacheza na pumzi inatosha. Ila msimu wa harusi ukafika, na mvua juu yake. Magauni ya kushona yakarundikana, watoto wakashikwa na mafua, na mazoezini wakabaki Milembe na Holo wakitazamana.

Kwandu alikuwa kipa wa akiba, mnene, mcheshi, na mlima ule hakuwahi kuumaliza. Alfajiri akaanza kupita mlango kwa mlango. "Mama Sayi, amka. Mtoto nipe mimi." Wenzake walipanda mlima, yeye akabaki chini na watoto, mmoja mgongoni, wengine wakimvuta kanga. Jioni alikwenda kwa waliozidiwa na kazi, akawasaidia kupiga pindo na kushona vifungo. Timu ikarudi yote.

Mechi ya kuamua nani abaki kwenye ligi, wapinzani walitangulia kwa mabao mawili. Kipindi cha pili, safari hii, walioshika viuno walikuwa wao. Mafundi wakarudisha moja, wakarudisha la pili, na kengele ikikaribia kulia Mama Sayi akachomoka kutoka golini kwao mpaka golini kwa wenzao, akafunga. Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele.

Kwenye pilau ya ushindi chama cha mafundi kikaleta zawadi: cherehani mpya ya umeme. "Ni ya aliyewapa pumzi," akasema mwenyekiti. "Mtu mmoja tu."

"Bila mlima mngezimia," alisema Milembe.

"Mlima haufungi mabao, dada," akajibu Holo.

Kwandu akacheka. "Na mazoezi bila watu je? Mngemfundisha nani?"

Walitaniana mpaka machozi, lakini hakuna aliyejitoa, kwa sababu wote watatu walishonea cherehani za kukodi. Wachezaji wakapiga kura, kura zikalingana. Wakanigeukia mimi, shabiki wao, niamue. Nilimaliza pilau yangu, nikaaga haraka.

Cherehani mpaka leo ipo ofisini kwa chama, haijapitishwa uzi.

Haya, nanyi mmesikia yote. Aliyewapandisha mlima, aliyewapa mchezo, au aliyewatoa majumbani? Wewe uliyekaa kimya pale, ungempa nani?