Bibi Nakiete na Njia ya Chemchemi

Utelezi aujuaye ni aliyeanguka. Mmeusikia msemo huu sasa hivi, mkataka kujua chimbuko lake. Basi ulizaliwa hivi.

Katika milima ya Upare aliishi mfinyanzi hodari, Bibi Nakiete. Hata mvi zilipomjaa aliendelea kushuka kwa njia ya chemchemi hadi bondeni kuchimba udongo wa vyungu. Hakujua kwamba mifupa yake imeliwa na umri kama boriti iliyoingiwa na mchwa. Siku moja ya mvua aliteleza kidogo tu, wala hapakuwa na kishindo, lakini nyonga ikavunjika.

Alilala kitandani mpaka mahindi yakavunwa. Wazee wenzake wakaingiwa na hofu. Jirani yake, Mzee Senkondo, aliacha kabisa kutoka. Akawa wa kuota jua kizingitini, miguu ikizidi kukonda.

Nakiete alipoanza kusimama, mkwewe Namsifu alimsihi, “Mama, kaa tu. Kila kitu nitakuletea.”

“Ahsante, mwanangu. Lakini mfupa usiotumika huzidi kulegea. Nipe mkongojo.”

Jasho lilimtoka kabla hajafika uani. Kesho yake alifika migombani, baadaye njia panda. Hofu alikuwa nayo, akatembea nayo hivyo hivyo.

Hatimaye akafika pale alipoangukia, Namsifu akiwa nyuma yake. Mbele kidogo aliwakuta vijana wakichonga ngazi kwenye mteremko mkali, wazee wasianguke tena.

“Chongeni na hapa,” akawaambia.

“Hapa, Bibi? Mbona ni tambarare!”

“Kwenye mteremko mzee huangalia anapokanyaga. Hapa hujisahau, na maji yanapita chini ya majani. Tena wekeni mianzi ya kushikilia, huku na huku.”

Kijana mmoja akanong'ona, “Njia imemshinda, sasa atuelekeze sisi?”

Namsifu akamsikia. “Ulitaka akuelekeze nani? Utelezi aujuaye ni aliyeanguka!”

Wakainamisha majembe, wakachonga kama alivyosema. Kazi ilipokwisha, Nakiete alikwenda mwenyewe kwa Senkondo.

“Inuka, baba. Tushuke.”

“Nikianguka je?”

“Nitakuonyesha pa kushika.”

Wakashuka polepole, wakishikilia mianzi. Senkondo akanawa uso chemchemini, akacheka huku machozi yakimtoka. “Sikudhani nitayagusa tena maji haya.”

Tangu hapo, Wapare wa kijiji kile wakimwona mtu anayembeza aliyepatwa na jambo, humwambia: msikilize huyo, utelezi aujuaye ni aliyeanguka.