Darasa la Ndiyooo

Paukwa!

Pakawa!

Nimesikia sauti tatu. Wengine mna ugali mdomoni? Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale palikuwa na mwalimu. Mwalimu mwenyewe ni mimi, Korongo. Miguu mirefu, shingo ndefu, akili tutaona. Niliwafundisha wanyama wadogo kuvuka mto, maana upande wetu chakula kilikuwa kimekwisha, kimebaki ng'ambo.

Nilisimama mbele, kifua nje. "Inua mguu, tua mguu. Mmeelewa?"

"Ndiyooo, mwalimu!"

Nikafurahi. Kila siku nauliza, kila siku ndiyo, kila siku nafurahi.

Mmoja tu hakuitikia, Kakakuona. Siku moja akasema polepole, "Mwalimu, mimi sijaelewa. Mguu wangu hata nikiinua hauonekani."

Darasa zima kwa, kwa, kwa! Na mimi nilicheka, nikawashinda wote. Nikamwambia, "Wenzako wameelewa. Kasimame nyuma." Tangu hapo alikaa nyuma, amejikunja duara, kimya. Nikampa jina, Jiwe. Nalisema hili kwa aibu.

Siku ya kuvuka ikafika. Nikatangulia mtoni. Inua, tua, inua, tua. Maji yakanifika gotini.

"Ni hivi tu. Mmeelewa?"

"Ndiyooo!"

Panya aliingia wa kwanza, kwa kuwa ndiyo yake ilikuwa kubwa kuliko zote. Akainua mguu. Akatua mguu. Chubwi! Panya hayupo.

Goti langu, ndugu zangu, lilikuwa juu kuliko kichwa cha Panya. Muda wote ule sikuwahi kuangalia. Nikapiga mbawa, nikapiga kelele, "Inua mguu, Panya, inua mguu!" Hodari wa kufundisha, sivyo? Maji yakazidi kumchukua.

Ndipo Jiwe likakunjuka. Kakakuona akazungusha mkia kwenye mzizi, akaning'inia juu ya maji, akanyoosha mkono. "Shika ukucha wangu," akasema. Panya akashika. Vuta, vuta, puu! Wote wawili ukingoni.

Panya akatapika maji, kisha akalia.

"Mbona ulisema umeelewa?" nikamwuliza.

"Niliogopa kusimamishwa nyuma."

Maneno yale yaliniuma. Nikainama, na kwa shingo hii kuinama ni safari, hadi jicho langu likawa sawa na la Kakakuona. "Nisamehe," nikasema. "Wewe si Jiwe."

Nikawageukia wote. "Nani hajaelewa?"

Kila mmoja alitazama chini. Basi nikanyoosha bawa langu mwenyewe.

"Mimi sijaelewa. Sijui mwenye miguu mifupi anavukaje mto. Nani atanifundisha?"

Mkia wa Kakakuona ukapanda. Ukafuata mkono wa Panya. Kisha mikono yote.

Kesho yake tulilaza gogo, kama Kakakuona alivyotuelekeza, wakavuka wameshikana mikia, yeye mbele. Mimi nilikuwa wa mwisho na niliteleza mara mbili. Walinicheka sana, nami nilistahili.

Basi shikeni hili: mwalimu asiyeitazama miguu ya wanafunzi wake anajifundisha mwenyewe, na mtoto anayethubutu kusema sijaelewa ashukuriwe, asisimamishwe nyuma.

Ngano yangu imekomea hapo ukingoni. Mmeelewa?

Haya, mmeshaanza tena na ndiyo yenu.