Taji Asilolitaka Digidigi

Hapo zamani za kale, wadogo zangu, wanyama walipokuwa wakijenga majumba ya mawe na kuvaa majoho siku za sherehe, palikuwa na kisiwa cha baridi. Huko mvua ilinyesha asubuhi, ikapumzika adhuhuri, ikarudi jioni. Kisiwa hicho kilitawaliwa na Mfalme Simba.

Mfalme Simba alipenda harusi kuliko alivyopenda wake zake. Alioa, akaacha, akaoa, akaacha, hata wapishi wakawa hawajisumbui kuosha masufuria, maana walijua harusi nyingine iko njiani. Katika ndoa zote hizo alipata mtoto mmoja tu, Binti Simba. Naye alimfukuza ng'ambo ya mto, kwa kosa la kumtetea mama yake alipoachwa.

Siku moja mfalme akala, akashiba, akalala, asiamke tena.

Hapo mabwana wawili wa baraza wakatazamana. Mmoja ni Bwana Nyati, mkuu wa majeshi. Wa pili ni Mzee Kiboko, waziri, mwenye mdomo mkubwa na maneno makubwa zaidi.

"Binti Simba akirudi, tumekwisha," Nyati alisema. "Ni sisi tuliomfungia lango siku ile."

"Basi tutafute malkia wetu wenyewe," Kiboko akajibu. "Mdogo. Mpole. Asiyejua kuuliza 'kwa nini'."

"Kisha aolewe na mwanangu Ndama."

"Na amri zote nitoe mimi."

"Hapo tutazungumza."

Wakamchagua Digidigi. Alikuwa binti mdogo, miguu kama njiti, macho kama vikombe, na aliishi na mama yake kwenye kichaka cha miiba. Siku hiyo alikuwa anaanika majani ya akiba uani. Mara, gudu! gudu! gudu! Ardhi ikatetemeka.

"Hodi!" Nyati akanguruma. Tayari alikuwa ameshaingia, na uzio ameshauvunja.

"Karibuni ndani," Digidigi akasema, akiutazama uzio, kisha akapiga goti. "Shikamooni."

"Inuka, mwanangu!" Kiboko akapaza sauti. "Sisi ndio wa kukuamkia wewe. Wewe ni malkia!"

"Malkia wa nini?"

"Wa kisiwa kizima!"

"Mimi si simba, mzee. Hebu nitazame vizuri."

Kiboko akakohoa. "Sikiliza. Marehemu mfalme alipozaliwa, mama yake alikosa maziwa. Nani alimnyonyesha? Bibi yako! Kwa hiyo mama yako na mfalme ni ndugu wa kunyonya, na mfalme ni mjomba wako. Una damu... yaani, una maziwa ya kifalme."

Mama Digidigi akatoa kichwa dirishani. "Mama yangu hakuwahi kunisimulia habari hiyo."

"Alikuwa na staha."

"Alikuwa na kimo cha paka! Huyo simba angemnyonya, au angemla?"

Lakini nani atabishana na pembe? Wakamtupa Digidigi mgongoni kwa Nyati, huyoo, wakaenda naye.

Kasri lilikuwa na mnara mrefu wa mawe. Chumba cha malkia kilikuwa juu, na chumba cha wafungwa kilikuwa chini, na ngazi zilikuwa zile zile. Digidigi aliliona hilo.

Taji lilipoletwa, lilikuwa kubwa mno. Walipomvika, likapita kichwa, likateremka shingoni, likatulia hapo kama ukosi wa shati. Ilibidi walijaze nyasi kavu ndipo likae.

Korongo, Mshika Desturi wa kasri, akainua shingo yake ndefu. "Kimyaaa! Malkia amevikwa taji!"

Wanyama walijaa uani, lakini hata kigelegele kimoja hakikusikika. Bata mmoja tu alikohoa.

"Haya, nimelivaa," Digidigi akasema. "Sasa nalivua, narudi nyumbani. Mama yuko peke yake na uzio umevunjika."

Korongo nusura aanguke. "Taji halivuliwi, Mtukufu! Desturi ni desturi. Taji hutoka kwa njia mbili tu: mvaaji afe, au mwingine akalie kiti cha enzi mbele ya baraza."

"Na nani atakikalia?"

"Hakuna. Nani athubutu?"

Wakaingia mezani. Digidigi hakuwa na hamu ya chakula. Akatafuna jani moja, akaisogeza sahani yake pembeni.

"Malkia ameshiba!" Korongo akatangaza. "Wote wameshiba!" Pap! pap! pap! Akanyakua sahani zote kwa mdomo wake. Nyati alibaki kinywa wazi, kipande cha jani kikining'inia.

"Nani kasema nimeshiba?" akafoka.

Kiboko akamkanyaga chini ya meza. "Nyamaza, bwana! Wanyama wanatuchungulia madirishani. Sisi wenyewe tukivunja desturi, nani ataamini kwamba huyu ni malkia?"

Nyati akameza mate, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kumeza.

"Kumbe!" Digidigi akawaza.

Asubuhi iliyofuata Mbayuwayu, jirani yake wa kule kichakani, akatua dirishani akihema.

"Shoga yangu, toka humo! Binti Simba amevuka mto. Kila kijiji anachopita kinamfuata. Hata askari wa Nyati wanatupa mikuki na kuungana naye. Leo hii atafika. Na ameapa: atakayemkuta na taji la baba yake, atamtafuna na taji lake."

"Hata kama alivikwa kwa nguvu?"

"Sasa hizo hadithi utamwelezea ukiwa tumboni?"

Mbayuwayu akaruka. Digidigi akalia kidogo. Kisha akajifuta macho, akawaza: akimbie? Lango lina walinzi. Alitupe taji? Korongo atamrudishia. Akakaa akikumbuka sahani zile zilivyonyakuliwa, pap! pap! pap! Akasimama, akajifunga joho lake, akachukua fimbo ya enzi, akashuka barazani.

Baraza lilikuwa limejaa. Digidigi akaenda mpaka kwenye kiti cha enzi, akageuka, na hakukaa. Akasimama kando yake, kimya, kama digidigi wanavyojua kusimama.

Wote wakasimama. Mvua ikanyesha nje, ikapumzika. Bado wamesimama.

"Mtukufu," Kiboko akanong'ona, "hukai?"

"Namwombolezea mjomba wangu, mzee. Mjomba wangu wa maziwa. Si ulinieleza mwenyewe? Nitakaaje raha mustarehe, na yeye yuko kaburini?"

Kiboko akarudi mahali pake, akasimama. Uongo ulikuwa wake mwenyewe.

"Malkia amesimama!" Korongo akatangaza kwa furaha. Yeye alikuwa juu ya mguu mmoja tu, na mwingine ameupumzisha. "Atakayekaa chini ni mwasi!"

Magoti ya Nyati yakaanza: tiki, tiki, tiki. Ngozi ya Kiboko nayo ikaanza kukauka na kupasuka: kra! kra! Alikuwa anatazama matone dirishani kama mtoto anayetazama maandazi ya jirani.

"Mtukufu, hata maji kidogo?" akaomba. "Wewe huna kiu?"

"Sisi digidigi tunakunywa umande wa majani, mzee. Nilishakunywa alfajiri."

"Malkia hana kiu!" Korongo akapaza sauti. "Hakuna mwenye kiu!"

"Ewe ndege," Nyati akasaga meno, "nitakunyonyoa!"

"Utaninyonyoa kwa desturi gani, bwana mkuu?"

Kiboko akamsogelea Nyati. "Ni wewe uliyesema tutafute mpole!"

"Ni wewe uliyesema! Mimi nilisema habari za harusi!"

"Sasa fanya kitu. Wewe si ndiye shujaa?"

"Shujaa wa vita, mzee. Hii si vita. Hii ni mateso."

Digidigi alisikia kila neno. Akawasubiri mpaka magoti ya Nyati yalipogongana kabisa, ndipo akageuka kwa sauti tamu.

"Bwana Nyati, njoo hapa mbele. Fimbo hii ya enzi imenilemea. Nishikie."

Nyati akaja akiyumba. Fimbo ilikuwa ya chuma, nzito.

"Hapo sipo, bwana mkuu. Rudi nyuma kidogo, wanyama wakuone. Kidogo tena. Hapo hapo!"

Sasa kiti cha enzi kilikuwa nyuma yake, na mto wake wa manyoya ulimgusa mapajani.

"Lo!" Digidigi akasema, akimtazama kuanzia kwato mpaka pembe. "Mimi walinijazia nyasi. Lakini kichwa kama hiki, taji lingekaa lenyewe. Umechoka, bwana?"

"Mimi? Nyati achoke?" Nyati akatutumua kifua. Na alipokitutumua, magoti yakamsaliti.

PUUU!

Kiti kikalia, vumbi likatimka.

"Amekaaa!" Korongo akapiga mabawa. "Amekalia enzi mbele ya baraza! Taji limehama!" Akalichomoa taji kichwani kwa Digidigi, akalipachika kwa Nyati katikati ya pembe. Likakaa sawasawa.

"Hapana, hapana, mimi niliteleza tu..." Nyati akaanza. Lakini mto ulikuwa laini. Tena watumishi walikwisha kuinama, na beseni la maji lilikwisha kufika puani pake. Akanywa, gu, gu, gu. Akatazama huku, akatazama kule, wote wameinama.

"Alaa!" akasema taratibu. "Kwani Ndama ana haraka gani? Atasubiri. Mimi mwenyewe nina kasoro gani?"

"Tulikubaliana nini?" Kiboko akafoka. "Inuka hapo!"

"Unaongea na mfalme, wewe mdomo!"

"Mfalme wa magoti mabovu!"

"Mkamateni!"

Walipokuwa wakitukanana, Digidigi akavua joho, akalikunja vizuri, akalipanga juu ya benchi. Akatembea polepole kuelekea mlangoni. Hatua chache tu zilibaki.

Ghafla, kwaaa! Lango likafunguka. Binti Simba akaingia amelowa mvua, na nyuma yake nusu ya kisiwa.

"Nani," akanguruma, mpaka mawe ya mnara yakaitika, "nani amevaa taji la baba yangu?"

Kwato, mabawa, kucha na midomo, vyote vikaelekea kwenye kiti cha enzi. Wa kwanza kuelekeza alikuwa Mzee Kiboko.

Nyati akashika taji kwa kwato zote mbili, akilivuta. "Si langu! Niliteleza! Malkia ni yule, yule pale mlangoni, anatoroka!"

Binti Simba akageuka. Akamfuata Digidigi mpaka pua zao zikakaribiana. Digidigi akasikia joto la pumzi yake, akajua kwamba akikimbia hata hatua moja tu, amekwisha. Akasimama.

"Ni kweli, mdogo wangu? Wewe ndiye malkia?"

"Shikamoo, dada. Kitazame kichwa changu, kisha kitazame chake."

Binti Simba akatazama hapa. Akatazama pale: taji katikati ya pembe, fimbo mapajani, makalio kitini, maji ya beseni bado yanadondoka kidevuni. Akacheka, na kicheko chake kilikuwa kibaya kuliko ngurumo. Nyati na Kiboko wakashushwa kwa ngazi zile zile, moja moja, mpaka chini kabisa, wakisukumana na kulaumiana. Ndama alikuwa malishoni muda wote huo, hana habari kwamba alikaribia kuoa.

"Na wewe," Binti Simba akamwambia Digidigi, "waliokuwa hapa wamenieleza ulivyosimama. Baki nami. Nataka mshauri kama wewe."

"Ushauri wangu ni mmoja, dada, nitakupa kabla sijaenda. Mtaje mrithi wako ungali hai, na umtaje kwa sauti, wote wasikie. Baba yako angefanya hivyo, mimi leo ningekuwa naanika majani."

Binti Simba akainamisha kichwa. Kisha akaamuru lango lifunguliwe.

Digidigi akapiga mluzi, zik! zik! zik! Miguu kama njiti ikakata mbuga, hakusimama mpaka alipoliona joho la zamani la mama yake likiwa limeanikwa kwenye miiba, na mama mwenyewe akipigilia vigingi vya uzio mpya.

"Umerudi, malkia?" mama akauliza.

"Nikushikie kigingi kipi, mama?"

Basi, wadogo zangu, lishikeni hili: anayemtanguliza mdogo kwenye hatari ili yeye ale kivulini, hatari humpita mdogo ikamkuta yeye anakula.