Gego Lililolala Ndani

Ndugu zangu, alikuwepo mama mmoja mwenye meno ya kuonea raha. Meupe, yamepangika, hakuna hata moja lenye tobo. Jirani akishika shavu kwa maumivu, mama huyu anampa pole huku akitabasamu, makusudi, meno yaonekane. Mnawajua watu wa namna hiyo. Wengine mmekaa nao benchi moja.

Siku moja binti yake akamwambia, "Mama, shavu la kushoto limejaa. Twende hospitali."

"Kwani linauma? Haliumi. Usinitafutie ugonjwa, mwanangu."

Ukapita mwaka, ukapita wa pili. Asubuhi moja anakula ndizi mbivu, nasema ndizi mbivu, si mfupa, taya likavunjika.

Hospitali, daktari akaitazama picha ya eksirei. "Mama, upo uvimbe wa taya unaoletwa na jino bovu. Huo mara nyingi huuma, mtu akaja mapema. Wako ni wa aina nyingine. Gego lako moja halikuota. Limelala ndani ya mfupa tangu ujana wako, na kile kifuko kilicholizunguka wakati linaumbwa kikawa kinajaa maji kidogo kidogo, kinakula mfupa."

"Mbona hakikuniuma?"

"Kingekuuma, ungekuja."

Mama akashika shavu lake. Akauliza kwa sauti ndogo, "Na meno yangu, daktari?"

"Ni mazima yote. Ila upande huu hakuna tena mfupa wa kuyashika. Tutayang'oa."

Sasa sisi je? Si nasi tumeyagawa makosa mafungu mawili? Mlevi wa mtaani tunamwona, tunamwombea kwa jina lake. Lakini fundo ulilomwekea ndugu yako tangu siku ya kugawana shamba, hilo nani analiona? Unaimba vizuri, unatoa sadaka, unatabasamu. Ukiulizwa, unajibu kwamba umeshazoea, wala halikuumi. Nani alikudanganya kwamba kisichouma kimepona?

Mngependa niwape dawa sasa, mwende nyumbani na amani. Sina. Mimi ninayewahubiria nilikuwa na kaka, anakaa ng'ambo ya mto huu hapa. Miaka tisa hatukusemezana, na haikuwahi kuniuma hata siku moja. Tumemzika Jumanne.